Mapatano yasipotee: namna ya kujenga tovuti ndogo kwa mikono yetu

Hotuba ya mhudumu wa shirika la amani, mbele ya familia za wahamishwaji, wenyeji na viongozi wao, Muheto, Masisi, Kivu ya Kaskazini



Najua kwamba wengine kati yenu mmeacha kibarua cha leo, na kibarua cha leo ndicho chakula cha jioni. Kwa hiyo nitajaribu kusema mambo yenye faida, wala sitarefusha.

Vijana wa kamati waliniuliza: "Tunaweza kujenga tovuti ya kamati yetu ya amani, sisi wenyewe, bila kumlipa fundi wa mjini?" Nao wazee waliposikia wakauliza: "Tovuti itatusaidia nini sisi ambao tumekosa hema, na mega za simu tunanunua za mia mbili?" Maswali yote mawili ni mazuri. Swali la vijana nitalijibu kwa urahisi: ndiyo, inawezekana. Swali la wazee ndilo zito, na nitaanza nalo.

Karatasi tatu

Miaka michache iliyopita nilikuwa kati ya watu waliosaidia pande mbili za kijiji kimoja cha Masisi kupatana. Sitakitaja. Ugomvi wao mnaujua, kwa sababu uko kila mahali hapa kwetu: ng'ombe wanashuka bondeni, na bondeni kuna maharagi. Tulikaa kwenye barza siku mbili. Mwishoni wakakubaliana kwamba ng'ombe hawatapita bondeni mpaka maharagi yatolewe.

Jioni ile niliandika karatasi tatu kwa mkono: moja ya wakulima, moja ya wafugaji, moja ya ofisi yetu. Nilikuwa nimechoka na giza lilikuwa linaingia. Kwenye karatasi moja niliandika "mpaka maharagi yatolewe". Kwenye nyingine niliandika "mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza". Kwangu lilikuwa jambo moja, kwa sababu mwaka ule maharagi yalikuwa yanatolewa mwezi wa kwanza.

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa. Mwezi wa pili ulianza maharagi yakiwa bado shambani, na ng'ombe wakashuka. Wakulima wakaleta karatasi yao. Wafugaji wakaleta yao. Zote mbili zilikuwa na mwandiko wangu na alama za vidole vya wazee. Kila upande ukasema: "Mmetudanganya." Karatasi ya tatu, ya ofisi, ilikuwa imepotea tulipokimbia mapigano. Vijana walikuwa wameanza kunoa mapanga.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi kwenye ile barza tangu mwanzo. Alisimama akaeleza nani alisema nini, siku gani, na kwa nini. Watu walimwamini yeye kuliko karatasi zangu, na walikuwa na haki. Lakini tangu siku ile najiuliza: na kama yule mama angekuwa amekimbilia Goma? Au kama angekuwa amefariki?

Ndugu zangu, sisi ni watu wa kukimbia-kimbia. Kila tunapokimbia, karatasi ndiyo ya kwanza kubaki nyuma. Mtu anabeba mtoto, anabeba sufuria, habebi daftari la kamati. Vita vilipofika Kitchanga mwezi wa Januari 2023, watu walitoka na nguo walizovaa. Halafu tunaporudi, kila mmoja anarudi na kumbukumbu yake, na redio ya barabarani inajaza pengo lililobaki.

Hiyo ndiyo faida ya tovuti kwetu: maneno ya mapatano yawe mamoja, yasomwe na pande zote, na yaweze kupatikana hata sisi tukitawanyika.

Tovuti tuli ni kitu gani

Tovuti ni kurasa zilizoandikwa ndani ya kompyuta, ile ambayo wengi huku tunaita ordinateri, ambazo mtu wa mbali anaweza kuzisoma kwa simu yake. Ya kwanza kabisa ilifanywa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, huko Uswisi, na mwaka 1991 watu wa nje walianza kuisoma. Zilikuwa kurasa za maneno matupu, hakuna zaidi.

Baadaye tovuti nyingi zikawa nzito. Leo zipo za namna mbili. Namna ya kwanza ni kama mkahawa wa bugali: mteja anapofika ndipo maji yanachemshwa na unga unasongwa. Kila anayefungua ukurasa, mashini ya mbali inaanza kuupika upya kwa ajili yake. Kwa hiyo moto lazima uwake usiku na mchana, mpishi asilale, na mlango wa jiko usiachwe wazi kwa wezi. Namna ya pili ni kama chikwange: imepikwa mara moja, imefungwa kwenye majani, iko tayari. Mtu anafika, anachukua, anakwenda zake. Hata safarini haiharibiki upesi. Hiyo ya pili ndiyo tovuti tuli.

Nimeiona ile ya kwanza ikifa. Shirika moja lilitengenezewa tovuti nzuri sana na fundi wa mjini. Mradi ukaisha, fundi akaondoka na maneno ya siri, hakuna aliyetengeneza vilivyoharibika. Baada ya miezi, mahali palipokuwa na ripoti za amani pakajaa matangazo ya michezo ya kamari. Tovuti tuli haina jiko la kuvunjwa namna ile. Wezi wanaweza kuiba neno la siri la kupandishia kurasa, ndiyo, lakini sisi tuna nakala nzima nyumbani, na tunaweza kuiweka tena mahali pengine siku hiyo hiyo.

Namna ya kuijenga

Sasa vijana, sikilizeni vizuri. Nitasema hatua moja moja.

Ya kwanza: tafuteni kompyuta moja, hata ya zamani. Mtaichaji kwa pano ya jua, au dukani kwa mwenye jenereta.

Ya pili: chukueni programu ya kutengeneza tovuti tuli. Zipo nyingi na ni za bure. Jekyll ilitoka mwaka 2008, Hugo mwaka 2013, Eleventy mwaka 2018. Kwa hapa kwetu napendekeza Hugo, kwa sababu ni faili moja tu. Inaingia kwenye flashi, mnaibeba kutoka mjini, na tangu hapo mnafanya kazi bila intaneti.

Ya tatu: tengenezeni folda ya maandishi. Kila habari ni faili moja ya maneno ya kawaida. Juu yake mnaandika kichwa na tarehe, chini mnaandika habari. Yapo maandishi mepesi yanayoitwa Markdown, yaliyotolewa na John Gruber mwaka 2004: ukiweka alama ya reli mwanzo wa mstari, mstari ule unakuwa kichwa; ukiweka kistari kidogo, unakuwa orodha. Mwanafunzi wa sekondari anajifunza kwa asubuhi moja.

Ya nne: tengenezeni kalibu. Ninyi ni watu wa Masisi, mnajua fromaji inavyofanywa. Maziwa ya ng'ombe wengi yanaingia kwenye kalibu ile ile, na fromaji zote zinatoka na umbo moja. Hapa pia, maandishi ni maziwa. Kalibu ni faili inayosema jina la kamati liwe wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, njia ya kurudi mwanzo iwe wapi. Mkitaka kubadili sura ya tovuti nzima, mnabadili kalibu peke yake. Wapo watu waliokwisha kutengeneza makalibu na kuyatoa bure. Chagueni lile lenye maneno mengi na mapambo machache.

Ya tano: amrisheni programu ifanye kazi. Inachukua maandishi yote, inayapitisha kwenye kalibu, na kwa sekunde chache inatoa folda mpya yenye kurasa zilizokamilika. Mnaweza kuzitazama palepale kwenye kompyuta kabla mtu mwingine hajaziona.

Ya sita, na hii msiiruke: someni ukurasa kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Asiyejua kusoma asikie. Wakisema "ndivyo tulivyokubaliana", hapo unaruhusiwa kutoka. Kama mimi ningefanya hivyo na karatasi zangu tatu, vijana wasingenoa mapanga.

Ya saba: mmoja wenu anakwenda mahali penye mtandao, anapandisha ile folda. Yapo makampuni yanayohifadhi kurasa za namna hii bila malipo. GitHub inafanya hivyo tangu mwaka 2008. Tena si mzigo. Ukurasa wa maneno matupu una kama kilobaiti 10. Kurasa 100 ni kama megabaiti 1. Lakini picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika megabaiti 3, yaani kama kurasa 300 za maneno. Kwa hiyo picha ziwe chache, na zipunguzwe kabla ya kuwekwa.

Na asiye na mtandao je?

Mzee mmoja ataniambia: "Mwanangu, yote hayo ni ya wenye simu kubwa." Anasema kweli. Ndiyo maana nimechagua tovuti tuli. Kwa kuwa imekwisha pikwa, inasafiri kwa njia nyingi.

Inakaa kwenye kadi ya memori. Kijana anayekwenda Pinga, upande wa Walikale, anaibeba mfukoni, na wenzake wa kule wanainakili. Simu nyingine ni ngumu, zinafungua ukurasa wa kwanza na kukataa wa pili. Basi ijaribuni kwanza kwenye simu ndogo za hapa kambini, msiijaribu kwenye simu ya mhudumu wa shirika.

Inachapishwa kwenye karatasi. Ukurasa ule ule unabandikwa kwenye ukuta wa shule, wa kanisa, na wa kituo cha afya. Maneno ni yale yale, tarehe ni ile ile. Tena unasomwa kwenye redio, kwa sababu huku redio ndiyo inayofika kwa mama aliye shambani.

Inaweza pia kuwekwa ndani ya kisanduku kidogo kinachotoa mawimbi ya waifai bila kuunganishwa na dunia ya nje. Aliye karibu anasoma bure. Wenzetu wa kisiwa cha Idjwi, hapo katika Ziwa Kivu, walivuka zaidi ya hapo: katika miaka ya 2010 walianzisha mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, wakigawana intaneti kwa antena. Si watu wa mbali na sisi.

Mnakumbuka pia mwisho wa mwaka 2018. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba, intaneti ilikatwa katika nchi nzima karibu wiki tatu, mpaka Januari 2019. Siku zile kilichokuwa mtandaoni peke yake kilikuwa kama hakipo. Kilichokuwa kwenye kadi, kwenye ukuta na kichwani mwa watu kilibaki.

Yasiyofaa kuandikwa

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa limenileta. Tafadhali wakubwa, hapa ndipo tunahitaji hekima yenu kuliko ufundi wa vijana.

Programu hizi hutumika pamoja na nyingine inayoitwa Git, iliyotolewa mwaka 2005. Kazi yake ni kukumbuka. Kila badiliko linaandikwa: nani alibadili, neno gani, siku gani. Kwa mapatano hilo ni jema sana. Hakuna atakayekuja usiku kubadili "maharagi yatolewe" kuwa "mwisho wa mwezi", kwa sababu asubuhi kila mtu ataona.

Lakini kitu kisichosahau mapatano hakisahau pia makosa. Tukiandika leo kwamba familia fulani imerudi kijiji fulani, na kesho tukafuta, jina halijafutika. Liko kwenye kumbukumbu ya zamani, na mwenye kujua kutafuta atalipata. Tena kuna maktaba kubwa huko Marekani, Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, ambayo inakusanya nakala za kurasa za dunia nzima. Maji yakimwagika hayazoleki. Na hapa kwetu jina, kilima na kabila vikiwekwa kwenye mstari mmoja vinaweza kumleta mtu mlangoni usiku.

Tunao mfano wa jirani. Mwezi wa Januari 2008, baada ya fujo za uchaguzi, Wakenya walitengeneza jukwaa lililoitwa Ushahidi. Watu walituma ujumbe kwa simu au kwa intaneti, na matukio yakaonekana kwenye ramani. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jukwaa hilo likatumiwa kwa Kongo ya mashariki, wakati wa mapigano ya mkoa wetu. Lilikuwa wazo kubwa, na jina lake ni la lugha yetu. Lakini kazi ya namna ile ina maswali mawili ambayo mashini haiwezi kujibu: habari hii ni ya kweli? Na aliyeileta atabaki salama? Kama hatuna watu wa kujibu maswali hayo kila siku, tusipokee habari za mashambulizi kwenye tovuti yetu. Kazi hiyo tuwaachie wenye uwezo nayo.

Napendekeza hivi. Yafuatayo yaandikwe: maneno ya mapatano yaliyokubaliwa na pande zote, yakitaja bonde, njia ya ng'ombe na majira, bila majina ya watu, siku za soko, zamu za maji, tarehe za mitihani na za chanjo, na uvumi uliochunguzwa, pamoja na jibu lake. Kwa mfano: "Ilisemwa kwamba wahamishwaji watapewa mashamba ya wenyeji. Kamati iliuliza. Si kweli."

Yafuatayo yasiandikwe kamwe: orodha za familia, hesabu ya watu kwa kabila, picha za nyuso za watoto, habari ya mama aliyetendewa ubaya, hata bila jina, kwa sababu kambini kila mtu atamjua, nani amerudi nyumbani na analala wapi, njia ambazo watu hupita wakienda shambani, ugawaji wa chakula kabla haujafanyika. Mambo ya shamba la mtu mmoja yabaki kwenye daftari la wapatanishi, na daftari hilo lifungiwe. Si hekima yetu peke yake. Kanuni ya kidijitali ya nchi yetu, ya mwezi wa Machi 2023, inalinda pia habari za mtu binafsi.

Na pale mtakapokuwa na mashaka, msiandike. Ukurasa uliochelewa wiki moja haujamuua mtu.

Nani atashika ufunguo

Limebaki jambo moja. Neno la siri la kupandishia kurasa ni kama muhuri wa kijiji. Anayelishika peke yake amekuwa mkubwa bila kuchaguliwa. Naomba lishikwe na watu wawili, mmoja wa wahamishwaji na mmoja wa wenyeji, na angalau mmoja awe mwanamke. Asipande mtu ukurasa bila mwenzake. Shirika letu lisishike ufunguo huo. Mradi wetu utaisha siku moja, ninyi mtabaki.

Nakala ya folda nzima ikae mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi ya mwalimu, na kwenye flashi nyingine nje ya Muheto. Mkitaka anwani yenu wenyewe, yenye herufi .cd za nchi yetu, inalipiwa kila mwaka. Kama hakuna uhakika wa fedha ya mwaka wa pili, tumieni anwani ya bure. Anwani isiyolipiwa inaweza kuchukuliwa na mtu mwingine, akaandika lolote kwa jina lenu.

Wazee wangu, msinijibu leo. Rudini kwenye mahema na majumba yenu, mkaulizane maswali matatu. Mapatano yapi kati yetu yanahatarishwa na kusahaulika? Jambo lipi kati yetu likiandikwa linaweza kumuumiza mtu? Na ni nani wawili ambao wote tunawaamini? Mkileta majibu, vijana wataanza kazi, nami nitakaa nao.

Ukurasa wa kwanza ningependa uwe wa yale mapatano ya bonde, kama pande zile mbili zitakubali. Yule mama mzee bado yupo. Nimekwenda kumwona. Aliniambia: "Andika, mwanangu, lakini kwanza unisomee." Basi tutamsomea.